Skrini ya pili isiyolingana na ya kwanza: 24 ya 1080p, 27 ya 4K au ile ya mraba?

Pweza8
Wakuu, skrini kuu ni inchi 27, 2560×1440, 144 Hz (picha huonyeshwa upya mara 144 kwa sekunde), imechomekwa kwenye tundu la DisplayPort. Kadi ya picha ni GTX 1660 Super yenye DisplayPort moja, HDMI moja na DVI-D moja. Mchana Excel na kuandika kodi za programu, usiku gemu. Ya pili nimebakiza tatu: inchi 24 ya 1080p (1920×1080) 60 Hz, inchi 27 ya 4K (3840×2160) 60 Hz, au mtumba wa mraba inchi 19, 1280×1024. Ipi haitanisumbua?

KeboNdefu
Mkuu, inchi zinadanganya. Hesabu pikseli (vinukta vya picha) kwa kila inchi. Yako ina kama 109, ya 24 ina 92, ya mraba 86, ya 4K 163. Mezani inakuwa hivi: dirisha la upana wa pikseli 1000 kwenye skrini yako ni sentimita 23 na ushee. Livute kwenye ile ya 24, linakaribia 28. Kwenye ya mraba linapita 29. Kila ukihamisha kitu, maandishi yanavimba. Ile ya 4K ukiiwekea Scale (ukuzaji wa maandishi na madirisha) ya 150%, dirisha linabaki na ukubwa uleule, herufi tu ndizo zinakuwa kali. Kwa mtu wa Excel sioni cha kujadili.

MamaJedwali
Cha kujadili kipo, kaka. Windows hupanga skrini kwa pikseli, haijui sentimita. Ya 4K ina mistari 2160, yake 1440. Mezani zimelingana kimo, ila kwenye ramani ya skrini iliyo ndani ya mipangilio ya Display, moja imeipita mwenzake kwa mistari 720, na mshale ukitokea sehemu hiyo unagonga ukuta. Windows 11 ina Ease cursor movement between displays, ipo chini ya Multiple displays, inapunguza kero. Ya 24 nayo ina ukuta, lakini wa mistari 360 tu: buruta kisanduku chake kwenye ramani mpaka kikae kama skrini zilivyokaa mezani.

La pili ni programu za zamani za uhasibu. Zikivuka kutoka 100% kwenda 150% zinatoka na ukungu. Bofya kulia faili la programu, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka alama kwenye override kisha chagua System (Enhanced). Nyingi zinapona, si zote.

PikseliMbovu
Mbona gemu mmeisahau? Zote tatu ni 60 Hz pembeni ya 144. Kwenye Windows 10 kabla ya toleo 2004, lile la mwaka 2020, video ikicheza kwenye ya 60 gemu kwenye ya 144 ilikuwa inakwama-kwama. Sasisha, sehemu kubwa ya tatizo hilo inaisha. Kinachobaki ni kadi kutopumzika: baadhi zikiona 144 na 60 pamoja zinaacha kasi ya memori juu hata kompyuta ikiwa haifanyi kitu, na feni inazunguka bure. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, uangalie. Ukikuta hivyo, mchana shusha skrini kuu hadi 120 Hz kwenye Advanced display. 120 inagawanyika kwa 60, mara nyingi kadi inatulia.

Cheza kwa borderless (gemu inajaza skrini kama dirisha lisilo na kingo) ukitaka kusoma Discord pembeni. Mshale ukitoroka kwenda skrini ya pili katikati ya mapigano, rudi fullscreen. Na usijaribu kutandaza gemu kwenye skrini mbili, maungio yanaangukia pale pale unapolenga shabaha.

Pweza8
Na ile ya mraba nikiisimamisha wima kwa ajili ya kodi?

MamaJedwali
Utapata upana wa pikseli 1024 tu. Nyingi za umri ule ni paneli za TN, aina ya LCD isiyopenda kutazamwa kwa pembeni: ukizigeuza wima, ule udhaifu wa kutazamwa kwa chini unahamia kushoto au kulia, na weupe unabadilika ukisogeza kichwa kidogo. Kwa WhatsApp na kuangalia joto la kadi inatosha. Kodi, hapana.

KeboNdefu
Halafu iangalie mgongoni. Ikiwa na DVI, inaingia kwenye DVI-D yako moja kwa moja. Ikiwa na VGA, tundu la zamani la analogi, peke yake, ile adapta ndogo ya kawaida haitaingia hata kwa nguvu, kwa sababu DVI-D haina zile pini nne za analogi kandokando ya ulimi. Itabidi ununue kigeuzi chenye chipu ndani, na hapo urahisi wa mtumba umeshaliwa.

Pweza8
Basi nimeegemea 4K. Ni ya mtumba pia. Dukani nikague nini?

KeboNdefu
HDMI ya kadi yako ni 2.0, inabeba 4K kwa 60 Hz. Shida iko upande wa skrini: za 4K za zamani zina HDMI 1.4, zinaishia 30 Hz na mshale unaburuzika kama uko kwenye uji. Muuzaji atakwambia "hii inafanya 60", na hatakuwa amekosea, ila ni kwa DisplayPort, ambayo wewe umeshaitumia. Nenda na kebo yako ya HDMI, weka 3840×2160, fungua Advanced display, usome mwenyewe 60. Picha ikizimika sekunde na kurudi, shuku kebo kwanza kabla ya skrini. Jaribu fupi, mita 2 au chini.

PikseliMbovu
Ongeza kurasa tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, kila moja skrini nzima. Doa linalojificha kwenye nyeupe linaonekana kwenye nyeusi. Kwenye ile nyeusi punguza mwanga wa duka kama wanakuruhusu, uangalie kama mwanga unavuja kwenye pembe nne. Ukifika nyumbani weka ukurasa mweupe kwenye zote mbili, shusha mwanga wa ile inayong'aa zaidi mpaka ilingane na mwenzake, kisha ndipo uguse joto la rangi (weupe kuelekea manjano au bluu). Ukianza na rangi utazunguka saa nzima.