Sabufa ya pili sebuleni: kwangu besi imejaa, kwenye kochi la mama haipo kabisa

Kijana wa Ilazo
Mbukwenyi wakuu, habari za jioni. Niko Ilazo hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, sebule nimeipima kwa futikamba ni mita 5 kwa 4, chini marumaru juu jipsam, tv iko ukuta ule mfupi. Nina risiva (ile ampu inayogawa sauti kwenye spika), spika tano na sabufa moja ya inchi 10, boksi lake lina tundu, nimeiweka kona ya kushoto ya tv kwa sababu ndo penye soketi. Sasa shida ni hii, mimi nakaa kochi la nyuma lililogusa ukuta na besi inanijaa vibaya mno, kuna nyimbo inavuma kama mtu anapiga pipa tupu, alafu mama yangu akija kutoka Kongwa anapenda kochi la pembeni, pale katikati ya urefu wa sebule, yeye anasema huo mziki haudundi, na kweli nikikaa pale ngoma ni kavu kabisa. Nikiongeza ili aipate, kwangu hapakaliki. Nataka kuongeza sabufa ya pili ili nguvu iwe kubwa ifike mpaka kwake. Duka nililonunua hawana tena model ile, wananipa ya inchi 12 ambayo boksi limezibwa lote. Na risiva ina tundu moja tu la sabufa. Nina laki nne na nimezikusanya kwa shida, nisaidieni nisije nikazitupa.

Fundi Majengo
Kijana kwanza nijibu, hiyo sabufa ina waya wake wa umeme wa kwenda ukutani au inasukumwa na ampu ya nje? Nauliza kwa sababu ampu nyingi ninazoletewa zimeungua ni za watu waliofunga spika mbili za besi za ohm 4 kwenye njia moja, zikifungwa sambamba zinakuwa ohm 2, yaani zinavuta umeme mwingi zaidi, na ampu yenyewe imeandikwa isishuke chini ya ohm 4. Inachemka, unasikia harufu, imeisha hiyo.

Kijana wa Ilazo
Ina umeme wake fundi, kutoka kwenye risiva inakuja pini moja tu.

Fundi Majengo
Basi umepona. Tafuta kiwaya kile cha pini moja kwenda mbili, wauza waya wanakiita Y, bei yake ndogo. Pale haupiti umeme wa kusukuma spika, ni ishara tu, kila sabufa ina ampu yake ndani kwahiyo kugawa hakuipunguzii kitu. Ila zote mbili zichomeke kwenye ekstensheni moja, ukichomeka moja huku na nyingine ukuta wa kule unaweza kupata ule mvumo wa mmmmm usioisha hata mziki ukizimwa, unatokana na waya wa ethi kuzunguka njia mbili. Na mtu yeyote akikwambia ukate pini ya ethi mvumo uishe usimsikilize, hizo ni volti 230, boksi likivuja atakayeguswa ni huyo mama yako.

Mwalimu Fizikia
Mdogo wangu, shida yako siyo nguvu, ni chumba. Sauti kwenye hewa inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Chukua 343 gawanya kwa mara mbili ya urefu wa sebule, yaani 10, unapata kama 34. Kwahiyo besi ya Hz 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, inapoenda na kurudi kati ya ukuta wa tv na ukuta wa nyuma inajikuta yenyewe, inarundikana kwenye kuta mbili zile na inakufa katikati. Wewe umekaa kwenye rundo, mama amekaa penye shimo. Kwa upana fanya hivyo hivyo, 343 kwa 8, ni kama Hz 43. Na kona uliyoiweka ndo mahali panapoamsha mawimbi yote haya kwa nguvu kuliko popote. Ukiweka ya pili juu ya ya kwanza utapata karibu desibeli 6 zaidi, lakini rundo litabaki rundo na shimo litabaki shimo.

Faida ya sabufa ya pili ni kusawazisha. Weka moja katikati ya ukuta wa tv, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma zitazamane, zote fezi 0, yaani kile kitufe cha fezi cha sabufa kiwe 0 ili zisukume kwa pamoja, siyo 180 ambapo moja inasukuma nyingine inavuta. Lile wimbi la 34 upande mmoja likisukuma upande wa pili linavuta, sasa wewe unasukuma pande zote kwa pamoja, halipati nafasi ya kuamka. Na kwa sababu kila moja iko katikati ya upana, lile la 43 nalo haliguswi sana. Yapo mengine ya juu, 68 kwa mfano hilo litabaki, ila utaona tofauti.

Dada wa Kisasa
Kaka naomba usinunue hiyo ya inchi 12, tafadhali. Mimi nilichanganya ya tundu na ya kuzibwa nikahangaika karibu mwezi mzima, yenye tundu sauti yake kule chini inachelewa tofauti na ya kuzibwa, ukisikiliza moja moja kila moja ni nzuri ukiwasha zote besi inapungua, nililia na hela yangu. Bora utafute iliyotumika ya model ile ile hata ikichukua muda. Alafu leo hii kabla hujatoa hata mia, beba sabufa iweke juu ya kochi la mama, piga wimbo wenye besi inayotembea, wewe tambaa chini pembeni ya kuta kichwa kikiwa usawa wa sabufa, utakapoisikia imejaa vizuri bila kuvuma hapo ndo pa kuiweka. Mimi nilitambaa na watoto wakanifuata nyuma wote, na tulipapata. Na risiva weka krosova 80, yaani sauti za chini ya Hz 80 ziende kwenye sabufa, kile kitufe cha krosova cha nyuma ya sabufa kizungushe mpaka mwisho ili zisikate mara mbili.

Kijana wa Ilazo
Nshajaribu kuitoa kona nikaiweka katikati chini ya tv, aisee mvumo umepungua nusu na sijalipa chochote. Kwa mama bado pakavu kidogo. Natafuta ya kufanana.

Kijana wa Ilazo
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Nimeipata model ile ile kwa jamaa anayehamia Singida, laki tatu na ishirini. Kochi la nyuma nimelivuta likaacha nafasi, sabufa ya pili imekaa katikati ya ukuta nyuma yangu, waya nimepitisha chini ya zulia. Siku ya kwanza nilikata tamaa kabisa, kwenye kochi la pembeni besi ilipotea kuliko hata mwanzo, nikataka kuirudisha, kumbe ya nyuma ilikuja imewekwa fezi 180! Mwalimu nilikukumbuka, nimerudisha 0 na hapo hapo pakajaa. Nimeshusha sauti ya kila moja na bado naipata besi vizuri zaidi ya ile ya kona, na mpangaji wa upande wa pili hajanigongea ukuta tena. Mama alifika jumamosi akakaa kochi lake nikamuwekea kwaya, akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha akaniambia rudia. Kilichobaki ni vioo vya kabati la vyombo vinalia kila besi ikishuka chini kabisa, nimekata vipande vya kandambili kuukuu nitavibana leo.

Fundi Majengo
Vibane pembe zote nne, siyo juu tu. Na dirisha la aluminiamu likianza nalo, kaza skrubu za fremu kwanza.