Mrejesho: Skyrim yangu imewaka, na modi zimerudi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini gemu yangu, Skyrim Special Edition, ilipojisasisha yenyewe toka toleo 1.5.97 kwenda 1.6, SKSE (programu ya nje ambayo baadhi ya modi, yaani nyongeza za mashabiki, huitegemea) iligoma na SkyUI (modi ya menyu) ikawa inalia haiioni SKSE.

SKSE lazima iendane na namba ya toleo la gemu, kwa hiyo nilishusha mpya. Bado ikaja na malalamiko ya .dll, yaani faili za programu-jalizi za SKSE! Nikafungua Data/SKSE/Plugins, nikakuta uozo wangu mwenyewe: .dll tatu za 1.5.97, na moja nilihamisha kutoka Skyrim ya awali ya 2011. Ile ni ya biti 32, Special Edition ni biti 64, haisomeki kabisa. Nimezifuta, nikaweka matoleo mapya ya zile tatu pamoja na Address Library ya 1.6 (modi inayosaidia .dll kupata sehemu sahihi ndani ya gemu).

Modi za ngozi na nyumba sikuzigusa, zinapiga kazi. Sevu ya level 43 nayo imefunguka, asanteni sana.