Maji ya kisima yana chumvi, maharage yanaungua majani, nifanyeje?

mkazi_kigamboni:
Wakuu habari za saa hizi. Nina kabustani nyuma ya nyumba huku Kigamboni, namwagilia maji ya kisima ambayo hata ukiyaonja unasikia chumvi. Mchicha unajikongoja, ila maharage yanakauka majani pembeni afu yanadondoka, na juu ya udongo kuna kaunga keupe. Cha ajabu udongo umelowa lakini mchana mimea imenyauka utadhani haijaona maji wiki nzima. Niongeze mbolea?

shambani_kwetu:
Mbolea acha kwanza mkuu, urea na CAN nazo zinaongeza chumvi udongoni, utakuwa unamalizia kabisa. Si unajua kitunguu cha kachumbari ukikitia chumvi kinatoa maji? Ndo hivyo hivyo, chumvi ikijaa udongoni mzizi unashindwa kuvuta maji hata kama yapo, na ile sodiamu na kloridi inayopenya inaenda kujazana kwenye kingo za majani ndo yanaungua. Na maharage ndo hayawezi kabisa, udongo ukipita EC (kipimo cha wingi wa chumvi, kinahesabiwa kwa dS/m) ya 1 dS/m mavuno yanaanza kushuka, nyanya inafika 2.5, biti mpaka 4. Peleka chupa ya maji maabara wakupimie, EC yake ikiwa chini ya 0.7 huna shida, ikivuka 3 hapo unachagua cha kupanda.

mama_bustani:
Kumwagilia kidogo kidogo kila siku ndo kunaleta huo unga, maji yanakauka chumvi inabaki juu. Kama udongo ni kichanga mwaga mengi kwa mkupuo yashuke nayo chini ya mizizi, tandaza nyasi kavu, na mwaga shinani sio juu ya majani. Mfinyanzi usithubutu, yatatuama hapo hapo.

fundi_pampu:
Pampu unaiwasha muda gani? Visima vya karibu na bahari maji matamu yanakaa juu ya yale ya chumvi, ukivuta mfululizo ya chini yanapanda. Vuta kidogo, pumzisha, vuta tena.

mkazi_kigamboni:
Duh, mimi nawasha mpaka simtanki lijae ndo nazima 😅 Maharage nang'oa, naweka biti.

mama_bustani:
Sawa ila biti ikiwa inaota haivumilii hivyo, kinga maji ya mvua uianzishie mpaka ishike.