Nimeanza kukimbia mwezi wa 6, sahivi miguu inauma na morali imekata. Naombeni ushauri

Kimara_Mwisho

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri hasa nyie ambao mko barabarani miaka mingi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Mwezi wa 5 nilienda kupima nikaambiwa presha imeanza kupanda, dawa sikuanzishiwa ila daktari alisema nipunguze chumvi na mwili nianze kuufanyisha kazi. Nilitoka pale na hofu kweli maana mzee wangu alipata kiharusi na mimi ndo niliyekuwa namgeuza kitandani mpaka anafariki, kwa hiyo neno presha kwangu sio neno dogo.

Mwezi wa 6 nikaanza kukimbia. Siku ya kwanza nilitoka home kwenda kituoni kama mita 600 hivi nikashikilia nguzo ya umeme naona giza. Sikuacha. Mwezi wa 8 nikawa napiga kilomita 5 bila kusimama, katikati ya mwezi wa 9 nikafika 8. Usingizi ukarudi, suruali zikaanza kupwaya, hata wife akawa ananiambia siku hizi hunijibu kwa hasira.

Afu ule usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa 9 niliamka kumwangalia Simbu wetu kwenye marathon ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Wakuu mnakumbuka, yule Mjerumani alikuwa mbele mpaka hatua za mwisho ndani ya uwanja, wote wawili wakaandikiwa 2:09:48 na dhahabu ikaenda Singida kwa sekunde 0.03. Nililia sebuleni peke yangu. Asubuhi yake nikaamua Kili Marathon ya Moshi mwezi Februari lazima nikimbie zile kilomita 21.

Na hapo ndo mambo yalipoharibika. Nikaanza kukimbia siku 6 kwa wiki na kila siku nataka muda uwe bora kuliko jana. Sasa goko zote mbili zinauma, ule mfupa wa mbele wa mguu upande wa ndani, zile kilomita 8 nilizokuwa namaliza kwa dakika 56 sahivi zinanichukua 62 na nafika hoi. Wiki ya pili hii alarm inalia saa 11 alfajiri naizima. Nikiwaona wenzangu kwenye Strava, ile app ya kurekodi mbio, wameshamaliza kilomita 15 ndo najisikia vibaya zaidi. Nifanyeje? Niache kabisa nipumzike au nikaze hivyo hivyo?

---

Chuma_Hakilali

Kaza mkuu, maumivu ni kawaida kwa anayeanza, mwili unazoea wenyewe. Pakaa dawa ya kuchua usiku, asubuhi unatoka.

---

Mlima_Nyoka

Mkuu Chuma hapana, hapo unampoteza mwenzio. Mimi nilikaza hivyo hivyo mwaka 2019 nikaishia kukaa miezi mitatu bila kukimbia hata hatua moja, mguu kwenye bandeji.

Kimara nimekusoma vizuri. Tatizo lako sio uvivu na wala sio umri. Unakimbia kwa kasi kubwa kila siku. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache pumzi inakaa sawa, ila mifupa na zile kano zinazoshika misuli vinachelewa sana, hivyo unajikuta pumzi inakuruhusu kwenda mahali ambapo miguu bado haijafika. Ndo maana watu wengi wanaumia wakiwa na miezi mitatu au minne ya kukimbia na sio wiki ya kwanza, wewe umepita humo humo.

Kipimo ni kimoja hakihitaji saa ya bei. Ukiwa unakimbia jaribu kuongea. Kama unaweza kumsimulia mtu habari sentensi nzima nzima bila kukata katikati kuvuta hewa basi hiyo ndo kasi yako ya siku za kawaida. Kama unatoa neno mojamoja umeshazidisha. Mwanzo utaona aibu maana utakuwa unaenda polepole mpaka mama anayewahi soko na beseni kichwani anakaribia kukupita, lakini vumilia. Hizo kilomita 8 kwa dakika 56 maana yake kila kilomita dakika 7, mimi kwa hali yako ningeanza na dakika 8 au hata 8 na nusu, na kipande kikipanda kilima nitembee.

Na punguza siku. Siku 4 zinatosha kabisa kwa 21, mbili fupi, moja ya kati, na Jumapili ndefu. Ile ndefu ndo unayoikuza, kilomita moja tu kwa wiki, na kila wiki ya nne unairudisha chini mwili upumue. Ukianza na 6 mwanzoni mwa Novemba, mwanzoni mwa Februari utakuwa unagusa 16. Aliyefika 16 bila maumivu anamaliza 21, hiyo nakuambia kwa uhakika kwa sababu nimewasindikiza watu watano kwa njia hiyo hiyo.

---

Dada_Viungo

Habari kaka, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kabla ya programu yoyote naomba ufanye kitu kimoja leo ukikaa kitandani. Chukua kidole gumba, anzia chini karibu na kifundo, bonyeza ukipandisha kwenye ukingo wa ndani wa ugoko taratibu. Kama maumivu yametawanyika, sehemu ndefu kama upana wa kiganja hivi au zaidi, na ukipasha mwili moto yanapungua, mara nyingi hiyo ni misuli na ngozi ya juu ya mfupa imechoka, inapona kwa kupunguza mzigo. Lakini kama kuna nukta moja tu, ukiigusa unaruka, au mguu unauma hata usiku umelala, usikimbie tena mpaka upige picha kwa sababu mfupa unaweza kuwa na ufa.

Kama ni ile ya kwanza, pumzika kukimbia siku 10 mpaka wiki mbili, tembea kwa miguu au kama unaweza kuogelea nenda. Barafu kwenye kitambaa dakika 15. Afu simama kwenye ngazi, visigino vinaning'inia, panda na vidole ushuke taratibu mara 15, raundi tatu, kila siku. Ni zoezi linachosha kulifanya lakini ndilo linaloimarisha misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti.

Na kuhusu presha, rudi ukapime tena kabla hujaongeza umbali, umwambie daktari unajiandaa na kilomita 21. Ukiona kifua kinabana, kizunguzungu au moyo unadunda ovyo, simama hapo hapo usimalizie.

---

Kimara_Mwisho

Dada asante sana, nimebonyeza sahivi. Imetawanyika, hakuna nukta moja, na kweli nikikimbia kama dakika 10 inapungua afu jioni inarudi. Usiku siisikii. Mlima nyoka mkuu ubarikiwe, hilo la kuongea nilikuwa sijawahi kulisikia, mimi huwa nafika hata salamu siwezi kujibu.

---

Raba_Nyeusi

Hujasema unavaa nini mguuni.

---

Kimara_Mwisho

Nilinunua mtumba Karume mwezi wa 6 hiyo hiyo, raba nzuri tu, juu bado mpya.

---

Raba_Nyeusi

Juu mpya haina maana kaka. Raba inakufa kwenye ile povu ya katikati. Iweke mezani uiangalie kwa nyuma usawa wa macho, kama imelala upande mmoja basi aliyeivaa kabla yako aliimaliza na wewe unakimbia kwa mwendo wa mguu wake. Afu bonyeza soli kwa gumba pale kwenye kisigino, ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya ndizi iliyokauka, achana nayo. Kwa kawaida raba ya mbio inaenda kilomita 500 mpaka 800, na ya mtumba hujui imeshatembea ngapi.

Simaanishi mtumba mbaya, mimi mwenyewe nimekimbia na za mtumba miaka 4, ila nazichagua kwa nusu saa nzima. Na kuwa makini na hizi mpya za bei chee, mimi duka moja mjini waliniuzia feki soli ikabanduka wiki ya pili. Nenda jioni kununua mguu ukiwa umevimba kidogo, acha nafasi ya gumba mbele.

---

Jirani_wa_Eldoret

Habari zenu majirani. Mimi niko huku Uasin Gishu, si mwanariadha wa kulipwa, lakini nimekua nikiwaona wakipita mbele ya boma kila asubuhi. Kitu watu wa nje hawajui ni kwamba siku ya mbio nyepesi hao mabingwa wanaenda mos mos kabisa, sisi tukiwa watoto tulikuwa tunawafuata na mabegi mgongoni mpaka karibu na shule. Mtu anayekimbia marathon kwa masaa mawili na dakika chache anaanza asubuhi kama mtu anayeenda kuchota maji. Nguvu wanazitoa siku zake, kama kule Iten Alhamisi ni fatleki, kundi kubwa, dakika moja kwa nguvu dakika moja polepole. Kesho yake wanarudi tena chini. Sasa wewe boss unakimbia Alhamisi kila siku, mwili utakaa aje?

Kitu kingine ni murram. Huku tunakimbia kwa udongo, lami tunaiogopa. Tafuta barabara ya vumbi.

---

Mzee_wa_Kwata

Vijana nimesoma yote. Mimi nina miaka 63, nilipita JKT enzi za mchakamchaka, tulikuwa tunaamshwa usiku wa manane tunakimbia tunaimba, na nawaambia ule wimbo haukuwa wa kufurahisha afande tu. Anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake. Hicho kipimo cha kuongea alichokisema kijana hapo juu sisi tulikuwa nacho, hatukujua tu jina lake.

Shida ya sisi Watanzania ni kwamba tumelelewa na simulizi ya Filbert Bayi. Christchurch 1974, mita 1500, aliwashika toka mwanzo hakumwachia mtu mpaka utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia. Na Juma Ikangaa naye vile vile, mtu wa kukaa mbele, marathon ya New York 1989 akaichukua kwa 2:08:01. Basi kila mtu akivaa raba anataka kuongoza toka getini kwake. Wale walikuwa na miaka ya kazi mguuni kabla ya siku hiyo. Wewe mwanangu una miezi minne.

---

Kimara_Mwisho

Shikamoo mzee. Nimekuelewa sana. Nikisema kweli hata siku ile ya Simbu ndo kitu kilichonipata, niliona dakika za mwisho tu sikuona miaka yake.

---

Mama_Jogging

Marahaba nakuitikia mimi kwa niaba yake 😊 mzee akirudi atakuitikia mwenyewe.

Wote mmeongelea miguu, mimi niongelee hiyo alarm. Niko Temeke, nina watoto watatu, nimeanza kukimbia 2021 baada ya kujifungua wa mwisho. Peke yangu nilidumu wiki tatu. Sio tu uvivu, barabarani mwanamke peke yako alfajiri unapigiwa miluzi, bodaboda wanakusogelea, unarudi nyumbani na hasira badala ya raha. Nikajiunga na kikundi cha jogging cha mtaani, hivi vya Jumapili vya tisheti za rangi moja na filimbi. Sahivi nina miaka minne sijakata. Kwa nini? Kwa sababu saa 11 na robo kuna mtu amesimama nje ya geti langu ananisubiri gizani, siwezi kumwacha. Mwaka jana nilifiwa na mama, kikundi kizima kilikuja msibani, walipika, walikesha. Watu wale hata siku mvua inanyesha nikiona jina la mmoja kwenye simu naamka.

Strava yako funga mpaka Februari. Mwenzio mwenye 15 humjui alianza lini. Na usiku weka nguo na raba karibu na kitanda, chupa ya maji mlangoni, ukiamka usifikirie kilomita, fikiria kufika getini tu. Joto la Dar mwezi wa 12 na wa 1 usicheze nalo, saa 1 asubuhi jua limeshakuwa kali na unyevu mwilini haukauki, kwa hiyo ukichelewa siku hiyo ahirisha mpaka jioni.

---

Mlima_Nyoka

Mama umemaliza. Naongezea tu kuhusu njia ya Moshi, zile 21 ukitoka uwanja wa Ushirika unapandisha kuelekea Mweka karibu nusu ya kwanza yote, kuna migomba na kahawa huku na huku, kuzuri mno, afu unageuza unashuka. Wengi wanaishia kutembea kwa sababu wanautumia mwili wote kwenye kupanda, na kuna wanaoumia magoti kwenye kushuka kwa kujiachia. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa 12 Jumapili mbili kwa mwezi tafuta vilima, hapo Kimara umezungukwa navyo, au njoo vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani.

---

Kimara_Mwisho

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu toka nifungue uzi.

Nimepumzika siku 12. Nilitembea tu, na lile zoezi la ngazi la dada nimelifanya kila siku nikisubiri maji ya kuoga yachemke. Raba niliiweka mezani, imelala upande wa ndani kama alivyosema mkuu, nimenunua nyingine. Nimepima tena, daktari amefurahi na karuhusu ila anataka anione mwezi wa 1.

Jana nimekimbia kilomita 4 kwa dakika 34. Nilienda na kijana wa jirani yangu anayesubiri kwenda chuo, tumepiga stori njia nzima, ananiambia anataka kusoma ufundi umeme, nimekaa mtaa mmoja na huyu mtoto miaka 11 sikujua. Goko hazijauma jana wala leo.

Mlima Nyoka, Jumapili mnaanzia wapi hapo Mlimani?

---

Mlima_Nyoka

Kituo cha Survey saa 11 na nusu. Tunasubiri dakika 10. Njoo na huyo kijana.