Msaada wa Kifaransa: "appelons" ya nous appelons (tunaita) ina silabi tatu au mbili?

Kipepeo: Habari zenu wakuu. Najiandaa na DELF, mtihani wa Kifaransa, ngazi ya A2. Sarufi naiweza, kinachonisumbua ni kutamka vitenzi. Mwalimu akigawa silabi ubaoni anaandika ap-pe-lons, tatu. Akitamka mwenyewe nasikia "a-plon", mbili. Halafu il parle (anazungumza) na ils parlent (wanazungumza) masikioni mwangu ni kitu kimoja. Niamini ubao au sikio?

MtuWaBukavu: Karibu ndugu. Kwenye kuzungumza amini sikio. Mgawo wa ubaoni ni wa maandishi, unakufaa ukitaka kukata neno mwishoni mwa mstari.

Mdomoni iangalie ile e isiyo na alama. Kabla yake kukiwa na sauti moja tu ya konsonanti, kwa kawaida humezwa. Pp ni sauti moja, ndiyo maana appelons inabaki a-plons, na aimerez inakuwa em-ré. Zikitangulia sauti mbili, e hubaki: par-le-rez, silabi tatu kamili. Jaribu kuiondoa uone ulimi utakavyokwama.

Na je parle, tu parles, il parle, ils parlent zote hutamkwa "parl", silabi moja. Ile -ent ya wingi haisomwi kabisa. Kitenzi kikianza na irabu ndipo wingi husikika: il aime ni "i-lem", ils aiment ni "il-zem". Hiyo z usiiache hata kidogo, maana ndiyo pekee inayomwambia msikilizaji kwamba ni wengi.

Zabibu: Ila tahadhari na il vient (anakuja), -ent yake si ile ya wingi. Huo ni umoja, na -en- yake inatamkwa puani. Wingi ni ils viennent, hapo n inasikika wazi mwishoni.

Mzizima: Nyongeza kidogo. Wengi wa kusini mwa Ufaransa, Marseille kwa mfano, huitamka ile e, kwa hiyo appelons yenye silabi tatu utaisikia kwa wenyeji kabisa. Usiogope ikikutoka.

Kipepeo: Asanteni sana. Na étudions na crions? Zote zina -ions lakini hazisikiki sawa.

MtuWaBukavu: Swali zuri. Kwenye étudions ile i inageuka kuwa y: é-tu-dyons, tatu. Kwenye crions zimetangulia k na r pamoja, i haina pa kubanwa, inasimama yenyewe: kri-yons, mbili. Oublions vilevile, ou-bli-yons, kwa sababu ya bl.

Mangeons nayo ni mbili tu, man-geons. Ile e imewekwa kulainisha g, haina sauti yake. Sisi tumezoea kila irabu iwe na silabi yake, hivyo hapo ndipo wengi wetu huongeza. Jirekodi kwenye simu ukisoma nous mangeons, nous étudions, nous crions mfululizo, kisha hesabu silabi unazosikia bila kutazama daftari.