Wana Tanga, naomba ushauri: tunamuaga sista wetu, wengine tunakunywa kokteli na wengine hawagusi kileo

Binti Makorora

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri kwa wenyeji wa Tanga mjini na yeyote anayependa kula na kunywa vizuri.

Sista mkuu wa wodi yetu anastaafu mwisho wa mwezi. Wengi wetu tumefundishwa kazi na mikono yake, na hatutaki kumuaga kwa keki ya ofisini na soda. Tuko tisa. Wanne tunakunywa, na wawili kati yetu tunapenda kokteli iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Watano hawanywi, akiwamo sista mwenyewe, mama wa swala tano. Tumechangishana laki nne.

Mpango wa kwanza ulikuwa hoteli mojawapo ya Raskazone, tukae tunatazama bahari. Kinachonisumbua ni kwamba kila nikitoka na watu wasiokunywa, mimi naletewa glasi ndefu ya ndimu, mnanaa na barafu, wao wanaulizwa Fanta au Koka. Basi, imeisha hiyo. Mtu kavaa kapendeza, katoka kwake, anapewa kile kile anachokipata kwa Mangi wa mtaani. Na sehemu moja mjini, sitaitaja, hata hiyo kokteli niliyopewa ilikuwa juisi ya boksi iliyomwagiwa pombe, bei sawa na sahani ya kamba.

Sasa, tutoke au tuandae kwa mwenzetu Chumbageni mwenye baraza kubwa? Wasiokunywa wapewe nini chenye hadhi? Na vitu vizuri mnanunua wapi siku hizi? Nawasilisha.

Kaka Duga

Nendeni Raskazone, msijitese. Laki nne kwa watu tisa ni elfu arobaini na nne na ushee kila kichwa, mnakula samaki vizuri na nauli ya bajaji inabaki. Mkikaa pale bustani ya Mkonge Hoteli saa kumi na moja jioni mnaitazama ghuba yote na kisiwa cha Toten. Kuosha vyombo kwa nini?

Ukhti wa Ngamiani

Asalam aleykum dada. Kabla ya hoteli wala baraza, sista mwenyewe yuko radhi kukaa meza yenye pombe? Wapo Waislamu ambao mwenzao akinywa pembeni haiwasumbui. Wapo wengine, na mimi ni mmoja wao, ambao hatukai kabisa kwenye meza inayopitishwa kileo, hata kama chetu ni maji. Mama wa heshima hawezi kuwaambia. Atakuja, atatabasamu, atakula kidogo, ataaga mapema, nanyi mtadhani amechoka. Mtumeni mtu wake wa karibu amuulize kwa upole.

Binti Makorora

Waaleykum salaam ukhti, ahsante sana. Nitamuulizia kwa binti yake kesho asubuhi.

Fundi Kaunta

Dada umegusa jambo ninalolipigania kila siku kazini. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, Dar na hapa Tanga, na naona kosa kubwa la baa zetu ni kuanza na chupa. Anza na kinywaji. Tengeneza kitu kitamu, kilichokamilika bila kileo, halafu anayetaka kileo aongezewe. Hapo hakuna mgeni wa daraja la pili.

Pombe kwenye kokteli inaleta mambo mawili: inachoma kooni, na inazuia utamu usichoshe. Ukiitoa bila kuweka kitu mahali pake unabaki na juisi ya watoto. Kwa hiyo tafuta kinachochoma na kinachokaza ulimi. Kinachochoma ni tangawizi mbichi iliyotwangwa, au pilipili kichaa moja iliyopasuliwa na kuchovywa kwa dakika chache kisha ikatolewa. Kinachokaza ulimi ni ukwaju, au chai ya rangi iliyokolea na kuachwa ipoe. Sisi tuna chai ya Usambara hapo juu milimani, na wengi hawajawahi kuijaribu ikiwa baridi kwa ndimu na asali.

Nikiwa mimi, ningeandaa hivi. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, ufikiche, uchuje. Chemsha ule uzito kidogo pamoja na tangawizi, kijiti cha mdalasini na sukari, uache upoe kabisa kwenye friji. Usiufanye mtamu sana, barafu itauzimua lakini sukari iliyozidi haijifichi. Wakati wa kuandaa, paka ukingo wa glasi ndimu, uchovye kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, kama tunavyokula embe mbichi shuleni. Jaza barafu, mimina ukwaju nusu glasi, malizia na maji ya soda yaliyo baridi sana. Majani ya mnanaa yapigwe kofi moja mkononi yatoe harufu, usiyatwange, yanakuwa machungu.

Kwa wanaokunywa, ukwaju huo huo pamoja na Konyagi mililita 50 kwa glasi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 15, kwa watu wanne moja inatosha na inabaki. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, iko chini kidogo ya vodka nyingi zenye 40, na kwa ukwaju inakaa vizuri kuliko vodka, naamini hivyo kabisa. Mkipenda dawa, ile iliyopata jina Nairobi, pondeni vipande vya ndimu na asali chini ya glasi, barafu, Konyagi, mmemaliza.

Ukhti wa Ngamiani

Fundi umesema vizuri, ila naongeza: jagi la kileo na glasi zake viwe mbali kabisa na hivi vingine. Hata kijiko cha kukorogea. Mtu asije kukisia glasi ipi ni ipi.

Fundi Kaunta

Kweli kabisa ukhti. Glasi za umbo tofauti, na jagi la kileo lisikae meza moja. Kazini tunafanya hivyo hivyo.

Kijana wa Pongwe

Kwenye Konyagi na jini angalieni stempu ya TRA kwenye kizibo. Stempu za kielektroniki zilianza 2019 na unaweza kuihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu hapo hapo dukani. Kizibo kikilegea au chupa ikiwa inauzwa rahisi kuliko kila mahali, iache. Viroba, ile pombe ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku 2017 lakini pombe feki haikufa navyo, na methanoli inapofusha macho. Nunua duka linalojulikana.

Mama Iliki

Mwanangu, mimi ni wa Muheza, kwenye ununuzi niachieni mimi.

Matunda usinunue sehemu moja. Kwa wingi nenda soko la Mgandini asubuhi mapema, kabla jua halijakaa. Machungwa ukiyaona ya kijani usiyakimbie. Machungwa ya kwetu huiva yakiwa kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuyageuza rangi, na anayetafuta chungwa la njano anaishia kununua lililokaa siku nyingi. Lishike mkononi: likiwa zito na ganda jembamba, lina maji. Ndimu vivyo hivyo, zile ndogo zenye ganda laini, uzibiringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukamua.

Viungo usinunue vya pakiti dukani. Tafuta wanaoteremsha kutoka Amani na milima ya kule. Iliki nzuri ni ya kijani, imefumba mdomo, ukiibana harufu inakufuata hadi nyumbani. Iliyopauka na kupasuka imeshatoa roho yake njiani. Mdalasini wetu uwe gamba jembamba lililojikunja. Mchaichai usinunue, omba kwa jirani, Tanga nzima umeota uani.

Samaki ni soko la Deep Sea, na ni asubuhi. Jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua ndani ya mashavu yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Kwa watu tisa chukua changu wakubwa au kolekole mmoja, mfanye samaki wa kupaka kwa tui zito na ukwaju. Pweza mpigeni vizuri kabla ya kumchemsha. Na usisahau bada, mwanangu. Wageni wanatafuta wali, lakini mama wa Tanga ukimwekea bada la muhogo na mchuzi wa samaki unamwambia umemfahamu.

Mtindi wa Tanga Fresh upo kila duka. Upige na embe lililoiva, iliki ya kusaga na chumvi kidogo sana, upoze. Hicho ni kinywaji cha kufungulia mlo. Ila nanasi bichi usichanganye na mtindi ukauacha ukakaa, unageuka mchungu. Nanasi lina kitu kinachovunja maziwa. Kama unataka nanasi, litie kwenye tui la kwanza, mpige na barafu, mnywe hapo hapo.

Ukipata mtu anayeshuka Lushoto mwagize jibini na jemu za shamba la Irente. Mkate wa ajemi wa moto na jibini ile, hamtahitaji vitafunwa vingine.

Mwana Mkinga

Mbona hakuna aliyetaja mnazi? Mkifuata kileo cha pwani yetu ndicho hicho. Uliogemwa asubuhi ni mtamu, una povu laini, ukiwekewa barafu na ndimu haushindwi na kokteli yoyote ya hoteli.

Fundi Kaunta

Naupenda mnazi, lakini kwa shughuli ya jioni ni mgumu. Unachachuka wenyewe saa kwa saa, ikifika magharibi umeshakuwa mkali na chachu. Na usiufunge kwenye chupa ya kizibo cha kubana, gesi inajijaza inaweza kupasuka. Uende nao siku nyingine, asubuhi, huko huko unakogemwa.

Mzee wa Kisosora

Nimefurahi kuusoma uzi huu. Naongeza moja kwa wapenzi wa maji ya toniki. Ule uchungu wake ni kwinini, inayotokana na magamba ya mti wa sinkona. Miti hiyo Wajerumani waliipanda hapa hapa Amani, walikofungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipozingirwa baharini walitengeneza kwinini huko kwa ajili ya askari wao. Kwa hiyo asiyekunywa kileo apewe toniki baridi na ganda la chungwa la Muheza na tone la asali. Ni kinywaji cha watu wazima, hakina uzembe, na kina historia ya mkoa huu ndani yake.

Nesi wa Bombo Road

Shikamoo mzee. Ongezeni hili: aliyeambiwa na daktari asitumie kwinini, au mjamzito, apewe ukwaju badala ya toniki. Na sista kama ana kisukari, muulizeni kuhusu sukari na asali kabla ya kuandaa.

Binti Makorora

Marahaba kwa wote mlionisalimu, na shikamooni wazee wangu. Nimerudi na majibu.

Binti yake ameongea naye. Sista kasema hoteli hataki, anataka kula na sisi nyumbani, chini, mkekani. Kwenye meza yake kusiwe na kileo. Kisha akaongeza, na haya ni maneno yake, "wakishanirudisha nyumbani wakanywe wanachotaka, mimi nawapenda hivyo hivyo." Kisukari hana, ila hapendi vitu vitamu sana.

Kwa hiyo tumeamua Chumbageni, tuanze baada ya Alasiri. Mtindi wa embe na iliki wa kukaribisha, mkate wa ajemi, pweza, samaki wa kupaka na bada. Halafu ukwaju wa Fundi wenye chumvi na pilipili kwa wote tisa, glasi moja aina moja, na toniki ya mzee kwa anayependa. Baada ya Isha tunamrudisha sista kwake Mabawa kwa bajaji, ndipo sisi wanne tunafungua Konyagi barazani kwa ule ule ukwaju uliobaki. Ile hoteli itasubiri.

Nimebaki na swali moja tu. Barafu. Friji ya mwenzetu ni ndogo na umeme tunaujua.

Kaka Duga

Haya nimekubali yaishe, bada limenishinda nguvu. Nialikeni basi.

Fundi Kaunta

Barafu ndiyo nusu ya kinywaji, umefanya vizuri kuuliza. Anza siku mbili kabla kugandisha kwenye vikombe vya plastiki au vikopo vya mtindi, upate mabonge makubwa. Bonge kubwa linayeyuka polepole, vidogo vinageuza ukwaju kuwa maji ndani ya dakika kumi. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa ajili ya kupozea chupa na majagi, nunua ile ya mabonge wanayouziwa wavuvi Deep Sea siku hiyo hiyo unapochukua samaki, iweke kwenye ndoo na chumvi kidogo, lakini hiyo isiingie kwenye glasi. Glasi zenyewe zioshe mapema uzipange kwenye ndoo nyingine yenye barafu, zifunikwe kwa kanga safi. Na ukwaju utengeneze usiku wa kuamkia, siku ya pili huwa mtamu zaidi.

Mama Iliki

Na bada lisongwe mwisho kabisa, watu wakishanawa mikono. Likipoa linakuwa gumu. Mwambie sista kutoka kwangu, pumziko jema.