Shimo jeusi dogo kama protoni likipita mchangani, protoni na elektroni zinapatwa na nini?

Mwalimu wa Masasi: Habari za jioni wadau. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Masasi. Leo binti mmoja kaniuliza: ikiwa yapo mashimo meusi (vitu vyenye uvutano mkali hata mwanga hauponyoki) yaliyozaliwa mara tu baada ya Mlipuko Mkuu, moja likipita kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati litazifanya nini protoni na elektroni? Nataka nimjibu kwa hesabu.

Mkazi wa Newala: Shikamoo mwalimu. Mpe hongera huyo binti. Anza na uzito. Chukua tani milioni 500 hivi, kwa sababu mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba mashimo meusi hutoa mionzi na kupungua uzito, na kwa hesabu zilizotokana na hapo, shimo lililozaliwa na uzito wa kiasi hicho ndilo linaloishia zama zetu. Mepesi zaidi yalishayeyuka. Nusukipenyo chake ni femtomita 0.74 (femtomita moja ni mita moja ukiigawa kwa milioni, kisha kwa bilioni), protoni ni 0.84. Karibu zilingane! Na bado mtu akisimama mita moja kutoka kwake atavutwa kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya uvutano wa Dunia. Wanafunzi watashtuka hapo, waache washtuke.

Sasa linganisha uvutano huo na umeme. Shimo linaivuta protoni kwa nguvu kama mara 240 ya ile ambayo protoni humvutia elektroni kwa umbali uleule. Elektroni, kwa wepesi wake, inavutwa na shimo kwa sehemu ya nane tu ya nguvu hiyo ya umeme. Kwa hiyo protoni ndizo huliwa zaidi, na kila moja huliachia shimo chaji yake.

Mwalimu wa Masasi: Marahaba mdogo wangu, nimekupata. Basi chaji ikijaa si itazifukuza protoni nyingine?

Mdau wa Lindi: Ingezifukuza, shimo likishabeba chaji za protoni 240 hivi. Ila joto la shimo hilo linapita digrii bilioni 200, kwa hiyo linatema elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) muda wote. Likiwa na chaji chanya, positroni hutoka kwa wingi zaidi, na chaji inashuka.

Kuhusu mchanga: hata likipenya Dunia nzima kwa kilomita 200 kwa sekunde, safari ya dakika moja hivi, linachomeza hakifiki sehemu ya milioni ya gramu. Linachopoteza kwa mionzi katika dakika hiyo moja ni kikubwa zaidi, maana linatoa nishati ya zaidi ya wati bilioni moja. Mwalimu, mpe binti apige hesabu hiyo mwenyewe kwa E=mc², anaiweza.